Sahani ya Bibi

Katika nyumba ya Fundi sufuria ilirudi jikoni tupu kila siku, na mwenyewe aliliona hilo kuwa ushindi. Haikuwa tupu ya watoto kubaki wakilamba vidole. Ilikuwa tupu ya hesabu: kila mtu kashiba, na hakuna punje iliyosalia ya kuchacha hadi asubuhi. Kwa maoni yake, chakula kinachobaki bila mpango ni sawa na nguo iliyokatwa vibaya: kitambaa kimeliwa na mkasi na mteja bado yuko uchi.

Jina hilo la Fundi alilipata kwa cherehani yake iliyokaa kwenye kibaraza cha mbele, chini ya bati lililopiga kelele kila mvua iliponyesha. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mumewe alipokuwa na furaha. Alipokuwa na wasiwasi alimwita mama watoto. Msimu huo alimwita mama watoto asubuhi, mchana na jioni, kwa sababu yeye alikuwa mpaka rangi wa nyumba, na hakuna mwenye akili timamu anayepaka ukuta wakati mbingu zinaumwagia maji. Mvua ilipoanza, kazi yake ilikauka. Nyumba ikabaki kuendeshwa na cherehani.

Na cherehani ilitosha. Watu hawakuliamini hilo, lakini ilitosha, kwa sababu Fundi alinunua chakula kama alivyonunua kitambaa: kwa msimu, kwa wingi inapofaa, na baada ya kugeuza upande wa nyuma. Maharage aliyanunua yakiwa yametoka kuvunwa, gunia moja kwa ushirika na majirani wawili, wakagawana kwa kopo palepale kibarazani. Sokoni alikwenda alasiri, wauzaji wanapoanza kukunja maturubai. Saa hiyo nyanya iliyolainika ni hasara kwa anayetaka kachumbari na ni mali kwa anayetaka mchuzi. Kwa muuza nyama aliomba mifupa yenye nyama za kung'ang'ania, akaichemsha mpaka ikasalimu amri, na supu yake ikapikia wali. Dagaa aliwakaanga wakavu, akawatwanga wakawa unga, akawatia kwenye mboga za majani. Wanawe mapacha, ambao walikuwa wameapa hawatakula dagaa maishani, walikuwa na mwaka wa pili sasa wanawala bila habari.

Kisha kulikuwa na upawa. Kila mtu alikuwa na kipimo chake: baba watoto upawa uliofurika, binti mkubwa uliojaa, mapacha vivyo hivyo maana walikuwa kwenye umri wa kula hata mlango, na kitinda mimba wa kike upawa wa wastani. Wakati wa kula Fundi alikuwa akikaa jikoni, kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, na kula huko huko akiwa na sufuria yake, ili aongeze mahali penye pengo. Sahani ziliporudi hazikuingia kwenye karai kabla hajazitazama. Sahani iliyopanguswa ilisema niongezee. Iliyobaki na vijiko viwili ilisema umezidisha. Siku iliyofuata alirekebisha.

"Mtu anaweza kukuambia ameshiba kwa adabu," alimfundisha binti yake mkubwa, mwosha vyombo mkuu. "Sahani haina adabu. Sahani haisemi uongo."

Kanuni hiyo ilimtumikia vizuri kwa miaka mingi, mpaka alipokuja mama mkwe.

Bibi, kama watoto walivyomwita, alishuka kwenye teksi akiwa na mkoba mkubwa, mwavuli na doti ya kitambaa cha gauni, bila kutaja siku ya kurudi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka mbali. Ujana wake wote alikuwa mpishi wa vibarua kwenye shamba kubwa. Hakuja kwa bahati. Binti yake, ambaye kwa Fundi ni wifi na kwa watoto ni shangazi, alikuwa amepita mwezi uliotangulia, akamtazama kitinda mimba akioga uani, na akapiga simu kwa mama yake kabla hajafika hata kwenye gari.

Kitinda mimba huyo walimwita Njiti. Alikuwa mwembamba na mrefu kwa miaka yake saba, na nywele nyingi kichwani zilimfanya afanane kabisa na njiti ya kiberiti ambayo haijawashwa.

Jioni ya kwanza Bibi alikula taratibu, akatazama sahani za wajukuu, akanyanyuka na kuja jikoni kwa kisingizio cha kuomba maji. Alifunua sufuria. Akaifunika. Akaifunua tena, kama mtu anayedhani macho yamemdanganya.

"Mkwe wangu, chakula kingine umeweka wapi?"

"Hakuna kingine, mama. Tumekula chote."

"Chote?"

"Chote. Kimetosha."

"Kimetosha, au kimekwisha?" Bibi alirudisha kifuniko polepole. "Mimi nimepika miaka kwa miaka. Sufuria yangu haijapata kurudi jikoni bila kitu ndani. Sufuria inayorudi tupu, kuna mtu imemwacha njiani."

Fundi hakubishana. Aliamini mgeni akikaa siku chache ataona kwa macho yake. Hakujua kwamba mgeni ataona, ila ataona kingine.

Siku ya pili Bibi alikuta kikapu kikubwa kwenye kona ya jikoni, kimejazwa mablanketi chakavu, na katikati ya mablanketi sufuria ya maharage, imefunikwa gubigubi.

"Huyu naye anaumwa nini?" aliuliza.

Binti mkubwa alicheka mpaka akaketi. Fundi alimweleza kwamba maharage yakishachemka sana asubuhi, huondolewa motoni na kulazwa humo, na joto lake lenyewe huyaivisha hadi jioni bila mkaa kuongezwa. Bibi alisikiliza kwa heshima. Lakini alichosikia ni kwamba katika nyumba hii hata moto unapimwa.

Wiki ya kwanza ilipokwisha alizungumza na mwanawe, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ile ya shambani ambayo kwake ilikuwa ni kunong'ona.

"Njiti ataondoka na dada yako. Huko kuna nafasi, kuna friji imejaa mpaka haifungi, na yeye hana mtoto mdogo. Nitakaa hapa mpaka apate nafasi ya kuja. Nikiona hali imebadilika, sawa. Nikiona hii hii, mtoto anaondoka. Wewe mwanaume unasemaje?"

Mpaka rangi alitazama mvua dirishani. "Tutazungumza, mama."

Asubuhi, akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo, alimwambia mkewe bila kugeuka, "Kwa dada kuna friji, mama watoto."

"Friji hailei mtoto."

"Sijasema inalea. Nasema mvua hizi zikiendelea…"

"Nitazame," Fundi alisema, na alingoja mpaka alipomtazama, nusu ya uso ikiwa na povu. "Kuna siku hata moja mtoto wako ameniambia ana njaa baada ya kula?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna."

"Basi Njiti haendi popote. Malizia shavu la pili, unatisha."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na uhakika. Lakini uhakika wa mwenye nyumba hauzuii gari la wifi kusimama mlangoni, na mume anayeona aibu ya kukosa kazi ni mtu rahisi kusukumwa na mama yake. Fundi alijua kwamba akishindwa kuonyesha kuwa Njiti anashiba, atanyang'anywa mtoto kwa upole, kwa nia njema, na kwa shukrani za ukoo mzima.

Hivyo alikaza kipimo. Na kila alichokifanya kilimharibikia, ingawa hakujua.

Kila jioni sahani ya Bibi ilirudi na chakula. Haikuwa vijiko viwili. Lilikuwa fungu zima. Fundi aliisoma kama alivyosoma sahani zote: mama mkwe ni mtu mzima, tumbo limepungua, nimemzidishia. Siku iliyofuata alipunguza. Fungu likarudi vilevile. Akapunguza tena. Likarudi. Chakula hicho hakukitupa, la hasha. Kiligeuka vitafunio vya asubuhi kwa kukandwa na viazi na kukaangwa, na mapacha walivishangilia. Lakini upawa wa Bibi ulishuka mpaka ukawa mdogo kuliko wa Njiti.

Huko sebuleni nako Bibi alikuwa na usomaji wake. Aliona sahani inayokuja inazidi kuwa nyepesi. Aliona sufuria tupu kila alipopita jikoni. Na aliona jambo lililomtisha zaidi: kila alipomwita Njiti na kumwambia, "Njoo, mjukuu wangu, malizia hiki," Njiti alikuja kwa adabu, akakaa, akageuza punje mbili tatu kwa kijiko, na akaacha.

"Hata hamu ya kula imemtoka," Bibi alimwambia binti yake kwenye simu. "Tumbo la mtoto limejifunga. Njoo Jumapili, mwanangu. Njoo na begi."

Alhamisi ya wiki ya tatu mvua ilipumzika kidogo, na muuza mayai ya kuchemsha alipitisha baiskeli yake mbele ya kibaraza. Fundi alikuwa akishusha pindo la sketi ya shule ya Njiti.

"Fundi, habari ya kazi? Namshukuru sana mama mkwe wako."

"Amekufanyia nini?"

"Ananipa riziki! Mayai mawili kila alasiri, pale kwa kinyozi. Tena anaomba chumvi ya kuongeza. Wateja wangu wote wangekuwa na afya kama ile, ningeshajenga."

Akaondoka akipiga kengele. Fundi alisimamisha cherehani. Mtu mwenye tumbo dogo hali mayai mawili kila alasiri kwa kinyozi. Mambo hayo mawili hayakai pamoja; moja lazima liwe si kweli. Na la mayai lilikuwa na shahidi.

Hakwenda kuuliza. Aliingia ndani akachukua gauni la Bibi, alilokuwa amelikata kwa doti aliyokuja nayo, na akamwita ajaribu.

Bibi alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akashika kitambaa kiunoni na kukivuta. Kikaja mkononi chote.

"Fundi gani wewe? Umenishonea gunia. Umeacha nafasi ya mpangaji?"

"Simama wima, mama."

Alimpitishia futi kiunoni. Kisha akaipitisha kwenye gauni lenyewe, juu ya alama za chaki alizoziweka siku ya pili ya ugeni. Gauni lilikuwa sahihi. Mwenye gauni alikuwa amepungua.

Kwenye cherehani palikuwa na sketi iliyoshushwa pindo kwa sababu mvaaji amerefuka. Mkononi palikuwa na gauni la kupunguzwa kwa sababu mvaaji amekonda. Mtoto aliyesemwa ana njaa alikuwa anakua, na aliyemsema alikuwa anayeyuka. Fundi alikunja futi, akaitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliamua kutokula jikoni.

Jioni ile alibeba sahani yake mpaka sebuleni, akaketi kwenye ncha ya mkeka akielekeana na mama mkwe. Hakuna aliyelishangaa hilo isipokuwa mapacha, waliohofia kwamba sasa hakuna wa kuwaongezea.

Bibi alipokea sahani yake. Kabla ya tonge la kwanza alishika kijiko, akaukata wali katikati kama mtu anayegawa kiwanja, na akasogeza upande mmoja hadi ukingoni. Akauzungushia mchuzi ili usikauke. Kisha akala upande wa pili, kwa haraka kidogo, mpaka punje ya mwisho.

Fundi alilitazama fungu lile la ukingoni. Alikuwa akiliona kila jioni likirudi jikoni na hakuwahi kulitazama. Makombo hukaa ovyo, yamechanganyika, yana alama za kijiko. Hili lilikuwa limepangwa. Halikubaki baada ya kula. Lilitengwa kabla ya kula.

"Njiti," Bibi aliita, "njoo umalizie."

Fundi alirudi na vyombo jikoni. Angeweza kusema palepale, lakini wifi alikuwa anakuja Jumapili, na jambo lililosikiwa na watu wawili hufika kwa wa tatu likiwa na mkia. Alitaka lisikike mara moja, na wote.

Ijumaa na Jumamosi alimjazia Bibi upawa uliofurika. Jumamosi hiyo usiku, baada ya kulichungulia gunia lake, aliloweka maharage mara mbili ya kawaida.

Wifi alifika Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa haraka, asiye na roho mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililomfanya awe wa hatari. Alikuwa na begi la rangi ya waridi, jipya, lenye karatasi ya dukani bado.

"Wifi, shikamoo mambo yako," alitania, wakakumbatiana. "Naona umenenepa wewe, wengine umewabakiza mifupa."

"Mimi ndiye ninayeonja. Karibu ukae, chakula kipo tayari."

"Sisi hatuli sana, tunaharakisha, barabara…"

"Utakula," alisema mpaka rangi, ghafla. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza ya siku hiyo.

Wakaketi. Palikuwa na wali uliopikwa kwa supu ya mifupa, maharage mazito, na mboga za majani zenye siri yake. Fundi aligawa mbele ya wote, na akaketi nao. Bibi alishika kijiko. Akaukata wali katikati. Akasogeza upande mmoja.

"Mama," Fundi alisema, "kabla hujaanza, naomba uniambie, hilo fungu ni la nani?"

"La mjukuu wangu. La nani tena?"

"Unaliweka kila siku?"

"Tangu nimefika. Tangu nimezaliwa! Mtu mzima anayekomba sahani mtoto akimtazama, huyo ni mtu mzima wa wapi? Mama yangu alituachia, mimi niliwaachia hawa." Alimwonyesha mwanawe na binti yake kwa kijiko. "Waulize."

"Alituachia," wifi alikubali. "Tulikuwa tunapigania."

"Basi sikiliza kosa langu," Fundi alisema. Alilisema kama anavyomwambia mteja kwamba mkono wa kushoto umezidi. "Mimi nakula jikoni, mama. Naona sahani zikirudi, sioni mtu akila. Sahani yako ilirudi na chakula, nikasema mama hali sana, nikapunguza. Ikarudi tena, nikapunguza tena. Wiki tatu nimekuwa nikipunguza…"

"…na mimi wiki tatu nimekuwa nikiacha lilelile," Bibi alimalizia. Kijiko kilibaki hewani.

Wifi aliweka sahani chini. "Ngoja. Kwa hiyo mwenye njaa humu ndani ni mama?"

Mmoja wa mapacha alipaliwa. Mwenzake alimpiga mgongoni kwa furaha kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Njaa gani?" Bibi alifoka. "Nani kasema nina njaa?"

"Gauni limesema," Fundi alijibu. "Na mayai."

"Mayai gani?"

"Ya kwa kinyozi. Mawili. Na chumvi ya kuongeza."

Bibi alifumba macho. "Yule muuza mayai ana mdomo kama kuku wake. Akitaga lazima atangaze." Alifumbua na kumgeukia mjukuu. "Haya, na wewe Njiti! Mimi najinyima, nakuwekea, mbona huli? Unaumwa?"

Njiti alimtazama mama yake kwanza. "Nimeshiba, Bibi."

"Kila siku umeshiba?"

"Kila siku. Nakuja kwako nikiwa nimeshiba, nikila tena nitapasuka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mama alisema cha mkubwa hakikataliwi. Kwa hiyo sikukataa. Nilikigeuza tu."

Mpaka rangi aliinama, mabega yakimtikisika. Bibi alimtazama kwa ukali, lakini pembe za mdomo wake zilikuwa zimeanza kumsaliti.

Wifi hakuwa mtu wa kuacha hoja kwa sababu watu wamecheka. "Sawa. Ameshiba. Lakini mtazame, wifi. Mbavu zinahesabika. Mtoto aliyeshiba anakuwa hivi?"

Fundi aliingia ndani akarudi na sketi ya shule. Aliigeuza nje, akaitandaza magotini kwa wifi. Juu ya pindo palikuwa na mistari mitatu iliyofifia, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji ukutani baada ya mafuriko.

"Huu ni mkunjo wa mwaka jana. Huu wa mwanzoni mwa mwaka huu. Huu nimeushusha juzi, na kitambaa sasa kimekwisha. Mtoto mwenye njaa hamharibii mama yake pindo namna hii. Chakula anakipata, wifi. Anakipeleka juu, hakipeleki pembeni."

Wifi aligusa mistari ile mmoja mmoja. Bibi alijisogeza, akavaa miwani, akaitazama sketi, akamtazama Njiti, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu zaidi, kama mtu anayeona kitu alichokiweka mahali akasahau.

"Wewe nawe ulikuwa hivi hivi," alisema. "Kaptura moja haikumaliza mwaka. Vibarua wote walikuwa wanakuita Ufito."

"Mama! Mbele ya watoto?"

"Baba Ufito!" mapacha walipokea kwa pamoja, na ilikuwa wazi kwamba jina hilo halitatoka tena katika nyumba ile.

Bibi hakucheka nao. Alivua miwani. Jambo moja lilikuwa bado limemkaa kooni, na alikuwa mtu wa kulitoa.

"Mkwe wangu, hayo yote nimeyasikia. La sahani ni kosa la wote wawili. Lakini sufuria. Kila siku inarudi tupu. Kila siku. Hilo nalo utalipimia futi?"

Fundi alinyanyuka akaileta. Aliiweka katikati ya mkeka, akafunua. Maharage yalijaa hadi katikati, yanang'aa, yakitoa mvuke.

Bibi alichungulia. Uso wake ulilegea kabla hajataka ulegee.

"Sitaki kukudanganya, mama," Fundi alisema. "Sikuongeza hata punje. Hayo ni ya kesho. Nimeyapika leo pamoja na ya leo, kwa moto mmoja, na kesho yanaingia kwenye nyanya na viazi. Mkaa wa kesho nimeuokoa. Kwa hesabu ni bora kuliko nilivyokuwa nikifanya, na nisingeifikiria kama si wewe kunifunulia sufuria kila jioni."

"Kwa hiyo unanionyesha cha kesho, niseme ni cha leo?"

"Nakuonyesha cha kesho, nakwambia ni cha kesho."

"Na mgeni akibisha sasa hivi?"

"Anakula. Kesho nayo ina akili yake."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, na mara hii sauti yake haikuwa ya shambani. "Unajua kwa nini sufuria yangu haikurudi tupu? Kulikuwa na vibarua wa upande wa mbali wa shamba. Walichelewa kila siku. Ukikomba sufuria, anakuja mtu amefanya kazi tangu alfajiri, anakuta ukoko. Nilimwona mmoja anageuka kimya kimya, anakwenda kulala. Mara moja tu, mwanzoni. Sikurudia." Alifunika sufuria mwenyewe. "Si kwamba nilipenda kumwaga chakula."

Fundi aliutazama upawa wake. Katika hesabu yake yote ya miaka, mwenye kuchelewa hakuwa amewekewa upawa. Aliliona hilo kuwa pengo, na mapengo hakuyaonea aibu, aliyaziba.

"Itarudi na kitu, mama," alisema. "Kila siku."

"Basi." Bibi aligeukia begi la waridi. "Mwanangu, hilo begi rudisha dukani, karatasi bado ipo. Mtoto haendi."

"Mama, nimeendesha gari asubuhi yote kwenye tope!"

"Kwa hiyo utaondoka mikono mitupu? Mfungie maharage kidogo, mkwe. Friji yake imejaa mpaka haifungi, lakini nimeichungulia: soda na keki. Na umwambie hizo mboga umezitia nini, maana nimekula wiki tatu nashindwa kubashiri."

"Siwezi kusema hapa," Fundi alimnong'onezea wifi, akiwatupia mapacha jicho. "Njoo jikoni."

Wifi alicheka, akakubali kushindwa kama mfanyabiashara anavyokubali bei: kwa kulalamika na kufungua pochi. Alitoa noti, Fundi akazikunja na kumrudishia mkononi. Alimwambia kwamba kama anataka kusaidia, dukani kwake kuna kuta ambazo mvua haizifikii, ndani, na kwamba yeye Fundi anamjua mpaka rangi mzuri asiye na kazi. Mpaka rangi aliinua kichwa.

"Stoo yangu ya nyuma inatisha," wifi alikiri. "Njoo kesho, Ufito."

Wakati wakiongea hayo, Bibi alikuwa kimya kwa sababu alikuwa anakula. Alikuwa amelivunja fungu la ukingoni na kulirudisha kati. Alikula wali wote, maharage yote, mboga zote. Kisha alipitisha kidole kwenye sahani nzima mpaka maua yaliyochorwa chini yake yakaonekana, na akakilamba, wajukuu wanne wakimtazama.

Akamsukumia Fundi sahani.

"Haya," alisema. "Soma hiyo."

Fundi aliisoma. Akafunua sufuria, akachukua upawa.